Mashini ya « ondes de choc » na mwanaume mwenye sukari: inasaidia nani, na inafika wapi?

Kila mara tukifanya kipindi juu ya ugonjwa wa sukari, kuna swali moja ambalo wanaume hawaliulizi hewani. Juu ya bukari wanauliza, juu ya insulini wanauliza, hata juu ya vidonda vya miguu wanauliza. Lile lingine linakuja nyuma, kwa ujumbe wa simu, bila jina: « Tangu nipate sukari, nguvu ya mwanaume imekwenda. Nimesikia kuko mashini ya ondes de choc. Inaponya? »

Hatucheki swali hili. Mtu akiuliza hivyo, mara nyingi amekwisha kukaa miezi au miaka na shida hiyo peke yake. Nyumbani bibi anafikiri bwana ana deuxième bureau. Bwana mwenyewe anafikiri amerogwa. Na kati ya wale wawili anapita mtu wa tatu, mwenye kuuza dawa au mwenye mashini, na bei yake inahesabiwa kwa dola.

Hapa chini tunaeleza kwa utulivu: kwa nini sukari inafika mpaka kule, mashini hiyo ni nini, utafiti umeona nini kwa wenye sukari, na mambo ya kufanya kabla ya kutoa hata franga moja.

Jibu kwa kifupi

Mashini ya mawimbi si uongo mtupu, na si muujiza. Kuna wanaume imewasaidia, zaidi wale ambao shida yao ni ndogo na inatoka kwenye mishipa ya damu. Kwa mwenye sukari ambaye shida yake imekuwa kubwa, faida inakuwa ndogo, na haikai. Kisha hakuna mashini inayoweza kushinda sukari ambayo inaachwa juu kila siku.

Sukari inaharibu nini?

Ili uume usimame, kazi inaanzia kwenye ubongo au kwenye mguso. Habari inapita katika mishipa ya fahamu, ile tunayoweza kuifananisha na nyaya za umeme. Ikifika, mwili unatoa hewa fulani kidogo sana inayoitwa oksidi ya nitriki. Hewa hiyo inalegeza nyama za ndani ya uume, mishipa ya damu inafunguka, damu inaingia kwa nguvu na kujaza, kisha njia za kutokea zinabanwa ili damu isirudi haraka. Kazi ya oksidi ya nitriki katika mishipa ya damu ndiyo iliyowapa wanasayansi watatu wa Marekani, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, tuzo ya Nobel mwaka 1998. Mwaka ule ule, mwezi wa tatu, Viagra iliruhusiwa kuuzwa kule Marekani, na dawa hiyo inatumia njia hiyo hiyo.

Sasa sukari ikikaa juu mu damu miaka na miaka, inaharibu mambo matatu kwa wakati moja. Ya kwanza ni ngozi laini ya ndani ya mishipa ya damu: inakuwa ngumu, inashika mafuta, haitoi tena oksidi ya nitriki ya kutosha. Ya pili ni zile nyaya, mishipa ya fahamu. Ni ugonjwa ule ule unaofanya miguu iwe na ganzi, ila huku haukugusa miguu peke yake. Ya tatu ni nyama zenyewe za uume: zinapungua na mahali pake panaingia nyuzi ngumu zisizotanuka.

Ongeza na mambo mengine yanayotembea pamoja na sukari: tansioni ya juu, unene wa tumbo, homoni ya kiume inayoshuka, dawa zingine za tansioni, na mawazo. Mwanaume aliyeshindwa mara moja anaogopa mara ya pili, na ule woga wenyewe unamshinda.

Ndiyo maana shida hii ni ya watu wengi. Mwaka 2017 watafiti walikusanya pamoja tafiti 145 kutoka inchi mbalimbali: zaidi ya nusu ya wanaume wenye sukari walikuwa na shida ya kusimama, na hatari yao ilikuwa karibu mara tatu na nusu kuliko ya wasio na sukari. Kwa hiyo mwenye kusoma hapa asifikiri ni yeye peke yake katika Lubumbashi. Katika foleni ya kupima sukari, kama wanaume kumi wamekaa kwenye benchi, watano au sita wanaijua shida hii. Hakuna anayesema.

Kuna na jambo lingine la kufikiria. Shirikisho la kimataifa la ugonjwa wa sukari lilihesabu mwaka 2021 kwamba katika Afrika watu wazima milioni 24 wanaishi na sukari, na zaidi ya nusu yao hawajui. Kwa mwanaume asiyejua, kukosa nguvu inaweza kuwa alama ya kwanza. Anakwenda kutafuta dawa ya nguvu, lakini alipaswa kwenda kupima sukari.

Alama ya moyo

Mishipa ya damu ya uume ni myembamba sana, milimita moja au mbili hivi. Ile ya moyo ni mitatu au minne. Kama bomba za maji zinaanza kushika kutu, ile nyembamba inaziba kwanza. Ndivyo ilivyo katika mwili: mara nyingi mwanaume anakosa nguvu leo, na shida ya moyo inafuata miaka miwili mpaka mitano nyuma.

Hii ndiyo sababu munganga akisikia mwenye sukari anasema « sina tena nguvu », anapima tansioni, anasikiliza moyo, anaomba kipimo cha mafuta mu damu. Yule aliyenyamaza na kununua dawa barabarani amepitwa na nafasi ya kuokoa moyo wake.

« Choc » si umeme

Neno la Kifaransa « choc » linawadanganya wengi. Wanafikiri ni kupigwa umeme. Hapana. Ondes de choc ni mawimbi ya sauti, mapigo mafupi yenye mkazo, yanayopita katika ngozi bila kuikata.

Matibabu ya namna hii yalianza na mawe ya figo. Mwezi wa pili mwaka 1980, kule Munich katika Ujerumani, daktari Christian Chaussy na wenzake walimtibu mgonjwa wa kwanza kwa mashini iliyotengenezwa na Dornier, kampuni la ndege. Mawimbi yalivunja jiwe ndani ya figo, mgonjwa akalitoa kwa mkojo, bila kupasuliwa. Siku hizi kazi hiyo inafanyika pande nyingi za dunia.

Kisha watafiti wakajiuliza: na kama tunapunguza nguvu ya mawimbi sana, isiweze kuvunja kitu, mwili utafanya nini? Kule Japani, mwaka 2004, walijaribu kwenye moyo wa nguruwe ambao haukupata damu ya kutosha, na wakaona mishipa midogo mipya inaota. Maelezo wanayotoa ni haya: yale mapigo madogo yanaamsha mwili, sawa vile umeumia kidogo, na mwili unatuma vitu vya kutengeneza na kuotesha mishipa.

Mwaka 2010, daktari Yoram Vardi na wenzake wa Haifa, katika Israeli, walichapisha matokeo ya wanaume 20 wenye shida ya kusimama inayotoka kwenye mishipa ya damu. Wengi walipata nafuu. Hapo ndipo habari ilipoanza kutembea. Mwaka 2013, kwenye maabara ya chuo kikuu cha San Francisco, walijaribu kwa panya waliotiwa ugonjwa wa sukari: mawimbi yalirudisha sehemu ya nguvu, na nyama pamoja na mishipa ya fahamu ya panya zilionekana bora kuliko za wale wasiotibiwa. Lakini panya si mwanaume wa miaka 55 aliyekaa na sukari miaka 15.

Inafanyika namna gani

Mgonjwa analala, hapigwi sindano ya usingizi. Wanapaka mafuta ya maji kama yale ya ekografia. Munganga anashika kichwa cha mashini na kukiweka sehemu kadhaa: juu ya uume, upande huu na ule, na chini mahali unapoanzia. Katika mpango wa Haifa, sehemu zilikuwa tano, kila moja ikipata mapigo 300, jumla 1500 kwa siku moja. Nguvu ilikuwa milijuli 0,09 kwa milimita mraba, ni ndogo sana kuliko ile ya kuvunja mawe. Mtu anasikia kama kugongwa-gongwa na kidole. Inachukua dakika 15 mpaka 20, kisha anarudi nyumbani.

Mara moja haitoshi. Haifa walifanya mara mbili kwa juma, majuma matatu. Wakapumzika majuma matatu. Wakarudia majuma mengine matatu. Ni mara 12 katika majuma tisa. Wengine wanafanya mara sita tu. Katika tafiti, madhara yaliyoonekana ni madogo. Lakini mwenye kutumia dawa za kuzuia damu isigande, au mwenye kidonda au uvimbe mahali pale, anapaswa kusema mbele.

Utafiti umeona nini kwa wenye sukari

Hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa ya watu inapopotelea.

Upande wa matumaini: mwaka 2012, kundi lile la Haifa lilitibu wanaume 29 ambao vidonge havikuwasaidia tena, na wengi wao walikuwa na sukari au ugonjwa wa moyo. Baada ya mawimbi, walirudishiwa vidonge. Karibu watatu katika kila wanne walipata uume mgumu wa kutosha kufanya tendo la ndoa. Angalia vizuri: ni mawimbi pamoja na vidonge. Na hakukuwa na kundi la kulinganisha nalo.

Kwa nini kundi la kulinganisha ni muhimu? Kwa sababu katika shida hii, imani peke yake inafanya kazi. Mtu akilazwa kwenye kitanda kizuri, akasikia mashini inalia, akaambiwa itamponya, woga unapungua na nguvu inarudi kidogo hata kama mashini ilikuwa imezimwa. Ndiyo maana watafiti wa kweli wanatumia vichwa viwili, cha kweli na cha uongo, na mgonjwa hajui amepewa kipi. Mwaka 2017, kule Danemark, walifanya hivyo kwa wanaume 126. Mwishoni, kundi la mashini ya kweli halikuwa bora kuliko lile la uongo. Tafiti zingine zilizofanywa namna hiyo hiyo zimeona faida, kwa kawaida ya wastani. Kwa hiyo wanganga wenyewe hawajakubaliana.

Na je, faida inakaa muda gani? Mwaka 2018, Haifa walitoa matokeo ya wanaume 156 waliofuatwa miaka miwili. Mwezi moja baada ya matibabu, 99 walikuwa wamefaulu. Baada ya miaka miwili, katika hao 99 walibaki 53. Ukihesabu kwa wote walioanza, ni mmoja kati ya watatu. Waliokuwa na shida ndogo na hawana sukari walikuwa na nafasi nzuri, 76 kwa mia, ya kubaki na faida yao. Lakini wale waliokuwa na sukari pamoja na shida kubwa, faida iliwatoka wote. Wote, hakubaki hata mmoja.

Ile ndiyo namba ambayo mwenye kuuza matibabu hataiandika kwenye bango lake. Na haikutoka kwa maadui wa mashini: ilitolewa na wale walioanzisha matibabu haya.

Kwa sababu hizo, chama cha waganga wa mkojo cha Marekani kiliandika mwaka 2018 kwamba matibabu haya bado yahesabiwe kuwa ya majaribio. Wenzao wa Ulaya wanakubali yatumike kwa wenye shida ndogo ya mishipa ya damu, lakini wanasema wazi kwamba ushauri wao huo ni dhaifu.

Mashini mbili, jina moja

Kuna jambo lingine. Si kila kitu kinachoitwa ondes de choc ni kitu kimoja. Mashini zilizotumika katika tafiti nyingi zinakusanya mawimbi na kuyatuma ndani, mpaka kwenye kina kinachotakiwa. Kuna aina nyingine inayofanya kazi kwa hewa ya mkazo, kama nyundo ndogo: nguvu yake ni kubwa kwenye ngozi na inapungua kadiri inavyoingia. Hiyo ya pili ni bei ya chini, na inatumika sana kwa kinesiterapia, kwa maumivu ya kisigino, bega au kiwiko. Kwa kisigino inafaa. Lakini mtu akiitumia kwa uume na kuonyesha matokeo ya ile ya kwanza, anauza mbuzi kwa bei ya ngombe.

Huku kwetu, wenye uwezo wanavuka Kasumbalesa kuelekea Zambia na Afrika Kusini, ama wanapanda ndege kwenda India kutafuta matibabu. Safari, chakula, nyumba ya kulala, mara sita au mara kumi na mbili kwenye mashini: ni pesa nyingi. Kule Marekani, uchunguzi wa bei katika miji mikubwa uliona wastani wa zaidi ya dola 3000 kwa matibabu kamili. Kwa franga hizo, mtu wa Katuba au Ruashi ananunua vidonge vya sukari, vijiti vya kupimia na chakula kizuri kwa miaka.

Na ile « vuka-vuka » ya barabarani?

Tusijidanganye: wanaume wengi wa mji wetu hawafikirii mashini. Wanakwenda kwenye chupa. Na juu ya hiyo, Lubumbashi ina utafiti wake. Mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, katika Ubelgiji, walitoa matokeo juu ya nguvu za kiume na kazi za mine. Walilinganisha wanaume wanaofanya kazi za madini na watengeneza mikate wa hapa mjini. Wa madini walikuwa na shida ya kusimama zaidi. Na waliotumia vuka-vuka nao walikuwa na shida zaidi.

Hiyo ya mwisho inahitaji kusomwa kwa akili. Haina maana lazima kwamba vuka-vuka ndiyo inayoleta ugonjwa. Mwenye ugonjwa ndiye anayeitafuta zaidi. Lakini kuna jambo lingine kwenye utafiti ule: vuka-vuka, inayouzwa sawa dawa ya mizizi, ilikuwa na sildenafili na tadalafili ndani yake. Ndizo dawa za Viagra na Cialis. Yaani unayemwambia munganga « mimi natumia miti ya asili tu » unaweza kuwa unakunywa vidonge vya duka la dawa bila kujua ni kiasi gani.

Kwa kijana mwenye afya, pengine ni kichwa kuuma. Kwa mwenye sukari mwenye moyo mgonjwa, ni jambo lingine. Kama anatumia trinitrine, kile kidonge kinachowekwa chini ya ulimi kifua kikiuma, au dawa nyingine ya aina hiyo, tansioni inaweza kuanguka ghafla na mtu akafa. Na akifika hospitali usiku na kifua kinauma, munganga wa zamu hatajua kama asipoambiwa. Ndugu yetu, ukifika pale, sema ukweli. Aibu inapita, kifo hakirudi.

Ngazi ya kupanda

Matibabu yako, na yanapandwa hatua kwa hatua. Mashini haiko kwenye hatua ya kwanza.

Hatua ya kwanza ni kusema. Mwambie munganga anayekufuata kwa sukari. Yeye hatashangaa. Kwenye hospitali kubwa za mji, kama Jason Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu, omba kuonana na munganga wa magonjwa ya ndani au wa upasuaji. Atauliza: ilianza pole pole au ghafla? Asubuhi ukiamka, uume unasimama wenyewe? Kama asubuhi unasimama vizuri na usiku na bibi hapana, pengine mawazo yana sehemu kubwa. Wanganga wana na maswali matano ya kimataifa, yenye alama 5 mpaka 25: ukipata 22 na zaidi, uko sawa, chini ya hapo wanapima ukubwa wa shida.

Hatua ya pili ni vipimo: sukari ya asubuhi kabla ya kula, ile HbA1c inayoonyesha sukari ya miezi mitatu, tansioni, mafuta mu damu, na homoni ya kiume, ambayo inapimwa asubuhi.

Hatua ya tatu ni sukari yenyewe. Kwa watu wazima wengi, HbA1c inatakiwa ishuke karibu na 7 kwa mia. Punguza mlima wa bukari, ongeza sombe na lengalenga, acha sucré, tembea kwa miguu nusu saa kila siku, acha sigara, punguza pombe. Na usiache vidonge vya sukari au insulini eti vinaua nguvu. Watu wanasema hivyo sana, lakini kinachoua nguvu ni sukari iliyoachwa. Kama unashuku dawa ya tansioni, usiiache peke yako. Munganga anaweza kuibadilisha.

Hatua ya nne ni vidonge kama sildenafili na tadalafili, vilivyoandikwa na munganga aliyekwisha kuangalia moyo. Mwaka 1999 utafiti wa wanaume 268 wenye sukari ulionyesha kwamba 56 kwa mia waliopewa sildenafili walipata nafuu, na 10 kwa mia tu kwa waliopewa kidonge cha uongo. Ni matokeo yenye nguvu kuliko ya mashini, na kwa bei ya chini. Wengi wanasema « haikufanya kazi » kwa sababu waliimeza baada ya chakula kizito na chupa kadhaa za Simba, au walijaribu mara moja wakaacha. Sildenafili inataka karibu saa moja, tumbo jepesi, na hamu. Ijaribiwe mara kadhaa kabla ya kusema imeshindwa.

Hatua ya tano, kama vidonge vimeshindwa: kuna pampu ya kuvuta hewa, ambayo haina dawa ndani yake, kuna sindano ndogo ya uume, ambayo mgonjwa anafundishwa na munganga, na mwisho kuna upasuaji wa kuweka fimbo za ndani. Uume ukisimama zaidi ya saa nne bila kurudi, ni haraka ya hospitali, usingoje asubuhi. Mwenye ugonjwa wa damu wa SS aseme mbele kabla ya kutumia chochote.

Na mashini? Inaweza kufikiriwa kwa mwenye sukari iliyotulia, ambaye shida yake ni ndogo au ya kati, ambaye vidonge vinamsaidia kidogo na anataka kuongeza, na ambaye pesa hiyo haitamnyima dawa zake wala shule ya watoto.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Kama mtu anakupatia matibabu ya ondes de choc, hapa mjini au ng'ambo, uliza haya:

1. Nani atashika mashini? Ni munganga wa mkojo, au mtu aliyefundishwa siku mbili?
2. Ni mashini ya kukusanya mawimbi, au ya nyundo ya hewa?
3. Mara ngapi, kwa majuma mangapi, na bei yote pamoja ni ngapi?
4. Mlinipima sukari, moyo na homoni kabla ya kuanza?
5. Kwa mtu kama mimi, mwenye sukari ya miaka mingi, mnategemea nini baada ya miaka miwili?
6. Isipofanya kazi, mtanionyesha njia gani nyingine?

Anayekujibu « utapona mia kwa mia » amekwisha kukuonyesha mlango. Toka.

Nyumbani

Mwisho, tunaongea na wote wawili. Mama, bwana akigeuka upande wa ukuta, si lazima kuwe na mwanamke mwingine. Baba, ukinyamaza, bibi ataweka maelezo yake mwenyewe, na pengine yatakuwa mabaya kuliko ugonjwa. Kwenda kwa munganga pamoja, hata mara moja, kunasaidia kuliko chupa kumi za barabarani. Wazee na wachungaji nao wanaweza kusaidia hapa: kabla ya kutafuta nani aliroga, waulize kama baba amepimwa sukari.

Kila tarehe 14 ya mwezi wa kumi na moja ni siku ya dunia ya ugonjwa wa sukari. Usingoje siku hiyo. Kipimo ni tone moja la damu kwenye kidole. Mwanaume aliyeanza na swali la nguvu akamaliza na sukari iliyotulia na moyo uliochunguzwa, hata kama nguvu haikurudi yote, ameokoa kitu kikubwa kuliko kile alichokuja kutafuta.